Ree Mbili Nyakanazi

Mwaka ule wa vita dizeli yote ilikwenda jeshini, na malori ya raia yakalala Nyakanazi wiki nzima. Madereva, kwa kuchoka kukaa, wakaanzisha shindano la poka. Kila mtu maharage ishirini, anayeishiwa anatoka, wa mwisho anachukua gunia la chumvi. Chumvi! Duka la kijiji lilikuwa halijaiona tangu Krismasi.

Philbert alitembea kutoka Nyakahura tangu alfajiri ili acheze. Poka aliijua tangu ujanani, alipokuwa mpishi wa wachimba dhahabu Geita. Ng'ombe wake wote walikufa mwaka watu walipohamishiwa vijijini, na jirani mmoja alikuwa tayari kumpa mtamba kwa gunia la chumvi. Bernadetha, mkewe, alikuwa ameshafagia zizi.

Kufikia saa tisa walibaki wanne. Philbert alikuwa na maharage manane. Karata mbovu alizitupa moja baada ya nyingine, akingoja.

Ndipo akapata ree mbili, jozi kubwa kuliko zote.

Hatibu, mwenye duka Biharamulo, alishaweka harage moja tu la kuingilia. Matiasi fundi naye moja. Sabiti, dereva mwenye lundo kubwa kuliko wote, akaweka moja huku akipiga miayo.

Philbert akawaza. Akiweka moja kama wao, wote watatu watabadilisha karata karibu bure, na mmoja hakosi kumpita. Mwenye maharage machache hawezi kuingia kwa kuchungulia tu. Akasukuma maharage yote katikati.

Hatibu akatupa karata, akajitoa. Matiasi akatupa.

"Mzee wangu, una nini?" Sabiti akauliza.

"Weka uone."

"Haya, naweka. Nimechoka kukaa."

Wakafunua. Sabiti alikuwa na sita mbili tu. Philbert alikuwa mbele. Kila mmoja akabadilisha karata tatu. Philbert akapata takataka. Sabiti akapata nne, bibi, na sita ya tatu, na sita tatu huzipita ree mbili.

"Umecheza sawasawa, mzee," Hatibu akamwambia. "Hata mimi ningefanya hivyo."

"Najua," Philbert akasema, na hilo ndilo lililomuuma.

Alilala chini ya lori, akafika kwake mchana wa kesho yake. Bernadetha akaitazama mikono yake mitupu.

"Ulikosea wapi?"

"Sikukosea."

Wiki ile ile jirani alimtoa mtamba kwa mtu mwingine, na Philbert hakufuga tena ng'ombe mpaka anakufa.