Baba Aliyetaka Kuamini

Tulisafiri kwenda Tunduru kwa sababu baba yangu, aliyekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliamka asubuhi moja nyumbani kwetu Lizaboni akakuta hamwamini Mungu tena.

Hakuwa amegombana na padri. Hakuwa amefiwa. Nilikuwa nimelala kwao usiku ule, akatuambia mezani, mbele ya uji, kwa sauti ya mtu anayetafuta miwani yake. "Nimesali rozari, nikaona nasema peke yangu. Nimenyamaza siku hizi zote nikidhani itapita. Haipiti."

Mama aliweka kijiko chini. "Basi amua kuamini, baba Agripina. Nani anakuzuia?"

"Naamua kila asubuhi," baba akasema. "Naamua, halafu naangalia ndani, naona pako vilevile. Hebu jaribu wewe kuamua kwamba nje kunanyesha."

Nje jua la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya mabati. Mama alilitazama, akainuka na kikombe chake bado kimejaa, akaenda uani. Tulimsikia akilia huku ameyafungulia maji ya bomba.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na utulivu. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali, wakamzunguka baba, wakamwekea mikono kichwani. Alipiga magoti pamoja nao, akawashukuru, akawasindikiza hadi barabarani. Mama aliacha kumwangalia usoni. Mimi nina duka la vitenge Mfaranyaki na huwa nalala kwangu, lakini siku hizo nilikuwa nikifunga mapema na kupanda bodaboda kwenda kwao, kwa sababu nilihisi kwamba nisipokuwepo hakuna atakayesema neno hadi usiku.

Jioni moja baba akaniambia, "Nipeleke Tunduru kwa Bakari. Yeye hataniombea. Atabishana nami."

Mzee Bakari ni rafiki yake tangu ujanani, walipokuwa walimu katika shule moja ya msingi huko Tunduru na kukaa nyumba moja ya walimu. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mwislamu, na walibishana kuhusu Mungu kila siku waliyokaa pamoja bila yeyote kumsogeza mwenzake hata unyoya. Hadi leo hupigiana simu Krismasi na Idi, na baada ya salamu hurudi palepale walipoachia.

Asubuhi ya kuondoka, Songea ilikuwa imefunikwa na ukungu ule wa Julai unaofanya watu waonekane wanatoka hewani. Stendi nilisikia sauti kabla ya kuona midomo. Baba alikaa dirishani na koti lake zito, na basi lilipoanza kutembea alipangusa kioo kwa kiganja, akatazama nje ingawa hapakuwa na cha kutazama, ni weupe tu, na mara mojamoja mti uliotokea na kuyeyuka.

Baada ya kuiacha Songea nyuma, kabla ya Namtumbo, aliniuliza, "Agripina, wewe unaamini?"

"Naamini, baba."

"Uliamua lini?"

Nilitaka kumjibu haraka, maana swali lilionekana jepesi. Nikaanza kutafuta. Nilijiona mtoto kanisani nikisinzia begani kwa mama. Nilijiona siku ya komunyo ya kwanza na viatu vinavyobana. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, na kila nilipofika nilikuta imani iko tayari pale, imekaa, kama mtu wa nyumbani ambaye hakuna aliyemkaribisha. Sikupata siku niliyoamua. Nilipogeuka nimwambie hivyo, baba alikuwa amelala, na ukungu ulikuwa umeanza kuchanika.

Namtumbo tulisimama kidogo. Harufu ya tumbaku iliyokaushwa kwa moshi iliingia madirishani, tamu na nzito. Baba akafumbua macho. "Hapa ndipo anapokaa Hamisi wa Bakari," akasema. Habari za Hamisi nilizijua juujuu. Alikuja Songea kujifunza ufundi, akaanza kwenda kanisani, akabatizwa akaitwa Yohana. Baba yake alimwambia, "Umechagua, basi kaa na ulichochagua," na tangu siku hiyo hawakuwa wamezungumza. Katika mabishano yote ya wazee hawa wawili, hilo tu halikuguswa.

Kutoka Namtumbo barabara inaingia msituni. Miti ilipita, ikapita, majani yake mengine mekundu na mengine ya dhahabu, na jua lililala juu ya lami mpaka mbele yetu pakaonekana kama maji. Nilisinzia na kuamka na kusinzia tena. Matemanga niliiona kati ya ndoto mbili, wanawake wenye mabeseni ya ndizi wakinyoosha mikono kwenye madirisha, na sikumbuki kama tulinunua. Tulipovuka Mto Muhuwesi hewa ilikuwa imebadilika, ina joto, na baba alikuwa amevua koti bila mimi kujua.

Tunduru tulifika alasiri. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na harufu ya salfa, ile dawa wanayopulizia, ilikuwa imeenea mji mzima. Mzee Bakari alitupokea barazani kwake, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeupe.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Karibuni, karibuni. Osmund, umezeeka vibaya sana."

"Nimekuja unicheke," baba akasema, na wakashikana mikono bila kuachiana kwa muda mrefu.

Mkewe, Bi Zainabu, alituandalia ugali na samaki. Baada ya kula, na baada ya Mzee Bakari kurudi kutoka msikitini, baba alimweleza yote. Mzee Bakari alidhani ni utani, akapiga paja lake.

"Alhamdulillahi! Umeacha? Basi silimu leo, mimi mwenyewe nikupeleke."

"Ningeweza ningesilimu," baba akasema. "Na ningeweza ningerudi kanisani kwa moyo wote, mke wangu aache kulia. Siwezi hili wala lile."

Hapo Mzee Bakari aliona kwamba mwenzake hatanii. Akakaa vizuri kitini. "Huwezi maana yake hutaki. Mtu anachagua, Osmund. Kama hachagui, Mwenyezi Mungu atamhukumu kwa lipi?"

"Hilo ni swali zuri. Zamani ningemwuliza Yeye."

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi. Hebu tufanye hivi. Chagua wewe. Kwa muda mfupi tu, acha kuamini. Usitamke kitu, sitaki ukufuru. Acha tu ndani ya moyo, halafu urudi."

"Astaghfirullah!"

"Unaona dhambi, au unaona haiwezekani?"

Mzee Bakari aligeuza uso. Nilimwona akitazama mikorosho yake ng'ambo ya njia, lakini macho hayakuwa yanaona mikorosho. Sijui kama alijaribu. Nadhani alijaribu, kwa namna mtu anavyojaribu mlango anaojua umefungwa.

"Haiwezekani," akasema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Yupo." Alilisema kwa urahisi wa ajabu, kama anayesema kisima kiko wapi.

"Ndiyo," baba akasema taratibu. "Mimi pia ilikuwa hivyo. Wala sikuwa nimechagua."

Nilitegemea Mzee Bakari aendelee, kwa sababu hajawahi kumwachia baba neno la mwisho. Lakini alisimama, akaingia ndani. Bi Zainabu alituletea chai, akatuambia mzee amejinyoosha. Hakutoka tena siku ile.

Asubuhi yake, nilipotoka kunawa uso, nilimkuta Mzee Bakari barazani amevaa kanzu safi, na mfuko wa safari miguuni. Baba alikuwa ameshaamka, amekaa kando yake. Tulikuwa tumepanga kukaa siku kadhaa.

"Tunarudi leo," baba akaniambia. "Na mwenzetu."

Mzee Bakari hakuniangalia. "Mtoto nilimwambia amechagua," akasema. "Nilikuwa na hakika. Ndiyo maana niliweza kumkasirikia. Sasa huyu baba yako, ambaye namjua hawezi hata kudanganya kwenye bao, ananiambia anataka kuamini kuliko anavyotaka chakula, na hawezi." Akavuta mfuko karibu. "Nimekaa nalo neno hilo usiku kucha."

Bi Zainabu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kifurushi cha korosho za kukaanga. Alinipa mimi. "Mpe Hamisi," akasema. "Mwambie ni za mti wake wa nyuma ya nyumba."

Njiani kurudi wazee walikaa kiti kimoja na mimi nyuma yao. Nilitegemea mabishano hadi Namtumbo. Badala yake vichwa vyao viliyumba pamoja kila basi lilipokata kona, kofia nyeupe na kichwa chenye mvi, na msitu ulipita upande wa pili sasa, kama mtu anayetusimulia jana kwa kinyumenyume.

Namtumbo tulishuka wakati jua liko utosini. Tuliulizia kwa Yohana fundi, tukaelekezwa kwenye mashine ya kusaga. Ngurumo yake tuliisikia kabla ya kufika. Ndani ya banda palikuwa na vumbi la unga linaloelea kwenye mwanga, na katikati yake mtu mweupe toka nywele hadi viatu, hata kope zake nyeupe.

Mzee Bakari alimsogelea. "Shikamoo, mzee mwenzangu," akasema kwa utani wa kumheshimu mwenyeji, akidhani weupe ule ni mvi. "Namtafuta Hamisi."

Yule mtu akazima mashine. Kimya kilituangukia sote. Akajipangusa uso kwa mkono, na chini ya weupe ukatokea uso wa mtu ambaye bado ni kijana, aliyefanana na Mzee Bakari kama kivuli chake.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," Mzee Bakari akasema. Kisha, kama aliyeogopa kwamba akichelewa hatauliza tena, "Nilikuambia umechagua. Ulichagua?"

Hamisi aliangalia chini. "Sikuchagua, baba. Nilijizuia mwaka mzima. Nilikuwa naswali swala tano huko Songea, nikiomba imani hii initoke. Haikutoka. Ningeweza kuchagua, ningekuchagua wewe."

Wateja waliokaa juu ya magunia waliinama, wakajifanya hawasikii.

"Mimi bado naona umepotea," Mzee Bakari akasema.

"Najua, baba. Na mimi nakuombea wewe."

Mzee Bakari akacheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa, na hapohapo akafunika uso kwa viganja. Hamisi alimshika mabega. Alipomwachia, kanzu ile safi ilikuwa na alama za mikono ya unga.

Nyumbani kwa Hamisi, hatua chache nyuma ya mashine, muda wa adhuhuri ulikuwa umefika. Ukutani palikuwa na msalaba. Hamisi alipanda kwenye stuli upesi auondoe, uso wake umejaa wasiwasi.

"Uache," baba yake akamwambia. "Hii ni nyumba yako. Mimi nitaswalia uani."

Basi Hamisi alitandika mkeka uani, akaupangusa pumba kwanza, akachukua birika la maji. Aliyamimina polepole juu ya mikono ya baba yake, kisha miguu yake. Mimi na baba tulikaa kizingitini, tukawatazama. Baba alikuwa na macho ya mtu anayetazama nchi aliyowahi kuishi. Nilimwuliza kwa sauti ndogo kama amehisi chochote.

"Nimefurahi," akanijibu. "Ile nyingine, hapana."

Tulimwacha Mzee Bakari Namtumbo, amelala kwenye kitanda cha mwanawe, korosho zimefunguliwa mezani.

Songea tulifika jua likizama, baridi ikaturudia kwapani na shingoni. Mama alitufungulia, akatafuta jibu usoni kwa baba, akaliona halipo. Nilimweleza habari za mashine ya kusaga, na birika, na swali la mzee. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alikaa karibu na baba, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya uji.

"Mimi nilidhani umeniacha mimi," akasema.

"Wewe?" Baba alishangaa kweli. "Wewe nakuona."

Nimefikiri sana tangu turudi. Zamani, nilipomwona mtu asiyeamini, nilijisikia kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Sasa najua kwamba sikufanya mtihani wowote. Imani yangu nilipewa nikiwa nimelala, na bado ninayo, naishukuru na kuiogopea kidogo. Sijui Mungu atamhukumu baba kwa lipi. Ninachojua ni kwamba Mzee Bakari hakuchagua anachokiamini, lakini kupanda basi alichagua.

Jumapili iliyofuata baba alivaa suti, akamshika mama mkono, wakaingia kanisani wakakaa nyuma kabisa. Hakupokea komunyo. Wakati wa nyimbo aliimba besi yake ileile, kwa sababu anapenda kuimba na mama anapenda kumsikia. Tulipotoka, mwanamke mmoja wa jumuiya alinivuta pembeni, uso wake umejaa furaha, akaniuliza kama katekista amerudi.

Nikamjibu kwamba amekuja na mama.