Benchi la Mawe

Ersilia, mkata tiketi wa jumba la kale nje ya mji wa Viterbo, Italia, anamjua mzee anayetunza chemchemi za bustani kwa viganja vyake. Kila asubuhi hukilaza kimoja juu ya bomba la madini ya risasi, akafumba macho na kusema, "Yako njiani," na kweli maji huteremka kutoka mlimani bila mashine, kama yalivyoteremka tangu bustani ilipojengwa, miaka mia nne na ushei.

Jumamosi moja mwenye jumba mpya, mama wa Milano, alikuja kumwambia mzee kwamba analeta pampu ya umeme, naye akapumzike nyumbani. Mzee alipangusa benchi la mawe kwa kofia yake. "Keti basi, bibi, tuelewane." Ersilia, aliyesimama kando, akarudi nyuma, maana benchi lile wenyeji wote hulikwepa. Mama akaketi. Mzee akafungua koki nyuma ya ua wa majani, na maji yakachomoka chini ya benchi pande zote, yakapanda hadi kwenye matawi ya miberoshi.

"Mwehu wewe!" Mama alipiga yowe, kalowa chapachapa, kisha akaangua kicheko.

"Bila umeme, bibi."

"Rudia! Rudia, nakwambia! Na huyo wa pampu, Ersilia, mpigie simu asije."