Muvumu wa Kibati

Siku moja kabla ya kukimbia, nilikuwa nikimjengea jiko Mama Neema, jirani yangu kijijini kwetu upande wa Rutshuru. Kazi ya mawe nilijifunzia Goma, mtaa wa Murara, miaka ile volkano ilipofunika nyumba za watu, nao wakarudi kujenga juu ya mawe yaleyale yaliyowafukuza. Jiwe nikilishika mara moja tu, nilijua litakaa upande gani. Nilijivunia hilo, nakiri. Mama Neema alikuwa akinichokoza.

"Fundi, hii jiko utaimaliza mbele ya Neema kuolewa?"

Neema alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mawe yangu akitafuna muhindi wa kuchoma. Nikajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Jiko lile halikuisha.

Asubuhi iliyofuata bunduki zililia karibu na barabara. Tulitembea siku mbili mpaka Kibati, kaskazini ya Goma, ambako watu wengi walikuwa wamekwisha kujenga vibanda vya turubai na majani ya migomba. Kibanda changu na cha Mama Neema vilitazamana.

Neema alikufa wiki ya tatu, kwa kuhara. Pale Kibati chini ni mwamba wa volkano, jembe linadunda tu, kwa hiyo wafu wetu tuliwafunika kwa mawe. Tulimviringisha Neema ndani ya kitenge cha buluu cha mama yake, tukamlaza katika ufa wa mwamba, nami nikampangia mawe bapa, moja juu ya jingine, bila saruji, mpaka yakashikana. Sijawahi kujenga kitu kwa uangalifu kama ule. Mama Neema akachomeka tawi la muvumu upande wa kichwa. Kwetu muvumu ni mti wa boma: unakata tawi, unalichomeka, linaota, na hata nyumba ikianguka watu wanajua kwamba hapa paliishi watu. Alikwenda kuzoa udongo kwenye shamba la mbali, akaufunga ndani ya nguo, akaumwaga kwenye shina.

"Asante, Fundi," aliniambia. "Umemujengea nyumba."

Siku chache baadaye vita vikashuka mpaka pale Kibati. Ilikuwa alasiri. Mama Neema alikuwa amekwenda Munigi kutafuta chakula.

Risasi zilipita juu ya vibanda. Mke wangu alilala kifudifudi, watoto wetu wawili chini yake.

Kila mtu alikuwa akizungushia kibanda chake mawe. Yale ya karibu yakaisha. Yaliyobaki yalikuwa madogo, ya mviringo, yasiyopangika.

Nilijua mawe bapa yalipo.

Nilitambaa, hapakuwa mbali. Nikatoa la kwanza, nikatoa la pili. Niliyatoa kwa utaratibu, kuanzia juu, kama fundi. Nilikwenda na kurudi, sijui mara ngapi. Niliacha nilipoona buluu.

Nikasukumia changarawe juu ya ile buluu. Tawi nikalitupa kando.

Ukuta ulinifika kiunoni. Hakuna hata risasi moja iliyougusa.

Asubuhi kulipotulia, nilimwona Mama Neema kwa mbali akirudi barabarani. Ningeweza kwenda kumpokea na kumwambia. Watu wangenielewa, vita ni vita. Badala yake niliusukuma ukuta wangu kwa mguu, ukawa rundo, nikaliokota lile tawi nikalichomeka juu yake, nikasimama kando. Alipofika alitazama huku na huku, mahali pote palikuwa pamevurugika, mawe yote yamehamishwa, kisha akaliona tawi. Akapiga magoti.

"Habakumugusa," alisema. Halafu akanigeukia. "Ulimuchunga, Fundi."

Nadhani nilitegemea tawi likauke, yeye akate tamaa, na mambo yaishie hapo. Lakini muvumu haukauki.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka. Vita vile viliisha vikaja vingine, volkano ikamwaga moto tena, na mimi nikawa mchoraji wa plani za nyumba. Waliokuwa wakimbizi wa Kibati wakaunda kamati, wakaniomba nichore mahali pa kuwakumbukia wafu wao. Hawakutaka sanamu wala sakafu ya saruji. Nikachora mwamba ubaki ulivyo, njia ya mguu ipite katikati, kila kaburi linalojulikana lipandiwe muvumu wake, mifereji ya mawe ilete maji ya mvua kwenye mizizi, na jina liandikwe kwenye jiwe chini ya mti. Kamati ikafurahi. Ikasema yote yaanzie kwenye muvumu wa Mama Neema, uliokuwa mkubwa tayari, maana kila kiangazi aliuletea maji kwa bidoni, dumu la plastiki. Kila nilipochora duara kuuzunguka mti ule, nilifuta. Niliona aibu hata mbele ya karatasi.

Siku ya kupima uwanja Mama Neema alikuja na bidoni yake. Aliniomba kiti cha mawe kiwe karibu na shina, apate kuligusa akiongea na mtoto wake. Nilikuwa nimeshika kamba. Nikaiweka chini.

"Mama, Neema hayuko hapa."

"Uko unasema nini, Fundi?"

Nikamweleza yote, na ile buluu. Kisha nikatembea mbele yake, hatua ishirini na mbili, mpaka kwenye ufa uliojaa changarawe na majani ya porini. Alinifuata. Aliutazama ufa, kisha akaugeukia mti.

"Na kule chini ya muti, kuko nani?"

"Hakuna mtu. Ni ukuta wangu."

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nilikuwa nasalimia ukuta yako."

Nilitamani anipige. Alichuchumaa, akamimina maji yote ndani ya ufa, akafunga bidoni.

"Jenga. Batu bengine beko na batu babo benye balikufa hapa. Lakini jina ya Neema, usiiandike na mukono yako."

Nilijenga. Kwenye ufa ule pana muvumu mchanga, na jiwe lake liliandikwa na fundi mwingine. Herufi zimepinda kidogo. Mimi ningezinyoosha. Mama Neema huenda pale Jumapili. Tukikutana njiani ananisalimu, na haniiti Fundi tena.

Mti mkubwa tuliuacha. Wageni hupenda kukaa kwenye kivuli chake, hunisifu kwa kazi nzuri, kisha huniuliza ni nani amelala hapo.

Nawajibu kwamba hakuna mtu. Ni ukuta wangu.