Nimemwambia Mama Dada Yake Anamsubiri Hamburg

Admin, naomba usiweke jina langu. Mama hatumii mitandao, lakini binamu zangu wamo humu, kwa hiyo nimebadilisha mambo mawili matatu wasinitambue.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Unguja. Naishi Thornton Heath hapa London na mume wangu na mama yangu mzazi. Kazi yangu ni kusafisha vifaa vya upasuaji hospitalini. Mama ana miaka sitini na minane na mapafu yake yameharibika. Tangu pafu moja liliposinyaa ghafla mwaka juzi, daktari amemkataza kabisa kupanda ndege. Mara ya mwisho tulipokwenda kliniki aliniita pembeni akaniambia, kama kuna safari mama anaitamani, iwe kiangazi hiki, tusingojee kingine.

Safari anayoitamani ni moja tu. Dada yake, mama yangu mkubwa, yuko Hamburg tangu alipomfuata mumewe huko. Wawili hawa walikulia Unguja miaka ile baada ya Mapinduzi, wakilala kitanda kimoja mpaka walipoolewa. Sasa hawajasemezana miaka thelathini na tatu. Sisi watoto tulichokijua ni kwamba babu alipofariki, mama mkubwa alichelewa kupewa habari. Basi.

Ndege haiwezekani, nikatafuta treni. Nikanunua pasi mbili, zile ambazo kwa tiketi moja unapanda treni za nchi mbalimbali kwa siku kadhaa ndani ya mwezi. Zetu ni za siku tano. London mpaka Brussels, tulale. Brussels mpaka Cologne, tulale tena, maana mama hawezi kukaa kitako saa nyingi. Kisha Hamburg kwa wiki nzima, na kurudi tupitie Amsterdam. Wiki tatu nilikaa jikoni na simu, nikitafuta treni zenye nafasi ya kutosha katikati ili mama apumue kabla ya kupanda nyingine.

Binamu yangu wa Hamburg, mtoto wa mama mkubwa, nilimwandikia mapema. Akajibu, "Njooni, nyumba ni yenu." Nikaenda kwa mama nikamwambia mama mkubwa amesema karibu. Mama akaniuliza, "Amesema mwenyewe?"

Nikamjibu, "Mwenyewe."

Sijui kwa nini nilisema vile. Niliona uso wake na ulimi ukanitangulia.

Siku nne baadaye, niko kwenye mapumziko kazini, mama mkubwa akanipigia. Binamu yangu alikuwa hajamuuliza, alidhani atamfanyia mamake jambo la furaha.

"Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi," akaniambia. "Wewe njoo, utakula, utalala. Mamako asije."

Nikamwambia mama anaumwa, na nikamwomba amsamehe kwa yale ya kuchelewa kupewa habari.

"Kuchelewa?" akasema. "Alikwambia hivyo? Nilipiga simu Unguja kwa jirani, akaitwa mamako. Nikamwambia, msalimie baba, mwambie mtoto anakaribia kuzaliwa. Akanijibu, zimefika. Baba alikuwa kaburini siku ya kumi na moja. Mwezi mzima nikituma salamu, na yeye ananiambia zimefika. Akija hapa sitamfungulia mlango." Hakupandisha sauti hata kidogo. Akaniuliza hali ya mume wangu, akakata simu.

Nilimaliza zamu sijui vipi. Nilipomweleza mume wangu, alisema jambo moja tu, kwamba nimwambie mama siku hiyo hiyo. Nilishindwa. Wakati babu anafariki, mama mkubwa alikuwa na mimba baada ya kupoteza mbili, na nina hakika mama alinyamaza kwa kuogopa atapoteza na ile ya tatu. Alificha kwa huruma. Na mimi nikajikuta nafanya kile kile. Badala ya kumwambia, nikabuki hoteli Hamburg kimya kimya, nikajipa moyo kwamba pengine mama mkubwa atalainika.

Wakati huo mama amebadilika. Kila asubuhi anakwenda stesheni na fimbo yake, anapanda ngazi na kushuka, anapumzika, anapanda tena, ili asitucheleweshe Cologne. Ameniandikisha majina ya miji yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi na anayakariri. Amenunua kanga pea mbili, moja yake na moja ya dada yake, za rangi moja. Mtu aliyekuwa hamalizi kikombe cha uji sasa anaomba aongezewe.

Jana Jumapili aliniomba nimpigie dada yake, wasikilizane sauti kabla ya kuonana. Nikamdanganya kwamba simu ya mama mkubwa imeharibika. Akasema, "Basi nirekodie maneno, atayasikia ikitengenezwa." Nikamshikia simu. Alisema hivi, akikatika pumzi kila baada ya maneno machache:

"Dada, ni mimi. Nilikudanganya habari ya baba na nikaendelea kudanganya kwa sababu sikujua niache vipi. Siku uliposema karibu, nililala mpaka asubuhi. Sikuwa nimelala hivyo tangu wakati ule. Ahsante kwa kunipokea."

Kisha akaniambia, "Tuma."

Sijatuma. Nikituma, mama mkubwa atasikia dada yake akiomba radhi, lakini pia atajua nimemwekea kinywani neno ambalo hakulisema. Pengine atalia, pengine atampigia mama na kumwambia ukweli kwa hasira. Nikimwambia mama mwenyewe, naogopa atarudi kitandani na hatainuka tena. Nikinyamaza, nitamsimamisha mgonjwa kwenye mlango usiofunguliwa.

Treni yetu inaondoka Jumanne ya wiki ijayo. Mama ameniuliza mara mbili leo kama dada yake amejibu.

Ndugu zangu, kila mtu aseme analoliona, hata kama ni la kunilaumu. Nitume, niseme, au nivunje safari? Nisaidieni, nimekwama.