Kifilimbi Asichokisikia Fundi Shuiying

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umeyafunika mashamba ya machungwa ya wilaya ya Xunwu, na Liao Shuiying amepiga magoti mbele ya droni. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye mota, mpini ameuegemeza kwenye mfupa wa taya. Kwa mkono mwingine anazungusha pangaboi taratibu. Amefumba macho. Anaisikiliza mota kupitia mfupa.

Fundi huyu wa miaka 49 ndiye anayeamua droni ya kundi lao la wavunaji ipae au ibaki chini. Msimu huu wa mavuno inashusha machungwa kutoka mlimani, kilo hamsini kwa safari, ikipita juu ya vichwa vya wachumaji. Mmoja wao ni mumewe, Xie Guanming.

"Nikisema ipae, inapita juu yake," anasema. "Mara sitini kwa siku."

Droni ina mota nne. Hazina brashi, vile vipande vya kaboni vinavyolika, kwa hiyo watu hudhani hazifi. Zinakufa, jamani. Ndani ya kila moja kuna beringi mbili, zenye gololi ndogo kama punje za mtama. Maji yakipenya, grisi inaoshwa, kutu inaingia, gololi zinakwama. Mota moja ikikwama hewani, droni yote inakuja chini, na mzigo wake.

Na maji hayakosekani. Rubani wa droni, Xie Changgen, mdogo wake Guanming, huiosha kwa pampu kila jioni mpaka ing'ae. Shuiying amemkataza hadi mdomo umemchoka. Mwezi uliopita mota moja ilianza kulia. Changgen akaidondoshea mafuta ya cherehani, ikanyamaza, naye akajitapa kwamba ameiponya. Kumbe mafuta hayo mepesi huosha hata grisi iliyobaki. Siku mbili baadaye droni ilianguka sehemu isiyo na mtu, ikavunja michungwa miwili.

Kundi zima lilimcheka Changgen. Shuiying hakucheka. Mota ile aliisikiliza yeye, na yeye ndiye aliyeipitisha.

Nyuma ya stoo, akiwa na bakuli la chai ya kutwanga, ya majani yaliyosagwa pamoja na ufuta, mkononi, anamweleza mwandishi wa habari hii kinachomnyima raha. Miaka kumi na minane kwenye mashine za kukata bati, kiwandani mjini Dongguan, imemharibia masikio. Sauti nene anazipata. Nyembamba, zile za beringi inayoanza kuoza, hazimfikii tena. Wenzake wakijua, yuan 5,000 za mwezi zimekwenda. Anaomba jambo hilo lisiandikwe mpaka awaambie mwenyewe. Lini? Mavuno yakiisha, anasema.

Saa mbili ukungu unapanda. Shuiying anainua mkono. Droni inanyanyuka tupu, inaelea kidogo, kisha inashika njia ya mlimani. Mwandishi, akidhani ni jambo la kawaida, anauliza kile kifilimbi chembamba kinatoka kwenye mota ipi.

Shuiying anageuka, uso umempauka.

"Kifilimbi gani?"

Hasubiri jibu. Anaikamata redio ya upepo, ya aina ambayo kila mchumaji anayo kiunoni, kwa hiyo kila mmoja anasikia.

"Changgen, ishushe hapo hapo. Usiipitishe kwa kaka yako."

"Shemeji, si umeipitisha wewe sasa hivi?"

"Sikuisikia. Masikio yangu yamekufa tangu mwaka jana, nimewaficha. Ishushe, nakuomba."

Huko juu droni inasita, inayumba, halafu inashuka kwenye majani, hatua mia moja hivi kabla ya wachumaji. Shuiying anaifuata mbio na kuifungua mota ya nyuma kushoto. Grisi imekuwa uji wa kutu. Gololi mbili zimemenyeka.

Changgen, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni, anafika, anazitazama, kisha anakaa chini kwenye umande.

Sasa Shuiying anataka beringi zote zibadilishwe kila baada ya saa mia za kuruka, ziwe zinalia au zimenyamaza, na pampu ifungiwe stoo. Mkuu wa kundi amesema atafikiria. Kuhusu kazi yake, vilevile atafikiria.

"Wakinifukuza, wanifukuze," anasema fundi huyo, macho kwenye njia ya mlimani. "Leo Guanming atashuka kwa miguu yake."