Mazoezi ya Kumbeba Mke Wangu

Nilibeba magunia zaidi ya miaka ishirini kwenye mashine za kukoboa mpunga hapa Mpanda, na muda wote huo sikuwahi kunyanyua gunia peke yangu kutoka chini. Watu hawalijui hilo. Kuli hanyanyui, kuli anatwishwa. Wawili wanashika gunia huku na huku, wanakuwekea mgongoni, kazi yako wewe ni kutembea usianguke. Kwa hiyo mke wangu alipopooza upande wa kushoto, nikainama siku ya kwanza kumtoa kitandani nimpeleke bafuni, ndipo nilipogundua kwamba nguvu zangu zote zilikuwa za kusimama. Kiuno kikakaza, tukaangukia wote kitandani.

Mke wangu alikuwa na sharti moja tu: asishikwe na mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa ameogesha wagonjwa wengi wa ukoo wao, na alijua wanavyosemwa baadaye jikoni. Kaka yake wa Kasekese alikuwa ameshapiga simu. "Shemeji, ukishindwa sema, nije nimchukue." Mke wangu aliposikia akasema, "Huko wake zake watanifua kama nguo. Bora unibebe wewe."

Basi ikabidi mgongo upone, upende usipende. Pale hospitali alikotibiwa mke wangu kulikuwa na binti wa mazoezi ya viungo. Akaniambia shida yangu siyo mikono wala miguu, ni misuli ya tumbo na kiuno, ndiyo inayoushika mgongo. Nikacheka. Mimi nilidhani mazoezi ya tumbo ni ya askari na watu wenye vitambi vya ofisini. Akaniuliza, "Mzee, kipi hakifanyi kazi mwilini?" Nikamwambia angeuliza kinachofanya kazi, tungemaliza mapema.

Tukaanza kupunguza. Goti la kulia liliwahi kuangukiwa na gunia, kupiga magoti siwezi, kwa hiyo mazoezi yote ya mkao wa kutambaa akayafuta. Bega la kushoto halihimili uzito, ya kujiegemeza kwenye viwiko nayo akafuta. Pingili mbili za chini ya mgongo zimechoka, kwa hiyo kulala chali na kujikunja kuinuka, lile zoezi la askari, akalikataza kabisa. Yakabaki mawili, yote ya kulala chali na magoti yamekunjwa. La kwanza, navuta kitovu kiingie ndani, natoa pumzi polepole huku nasukuma kisigino kimoja mbele na kukirudisha. La pili, nainua kiuno kidogo kutoka kwenye mkeka, nakishusha. Yaani mtu mzima nalala chini nasukuma kisigino. Niliona ananidharau.

Mimi mbishi, sikatai. Siku ya tatu nikafanya lile la askari, nilivyoona kwenye simu. Mara ya kumi na mbili sikuinuka. Siku mbili mke wangu alilala kwenye mkojo wake kitandani, mimi nimelala chini kwenye mkeka, tunatazamana. Hakuita mtu, na mimi nilimwonea aibu mno hata kupaza sauti. Mpaka leo nikiikumbuka harufu ya chumba kile najichukia.

Baada ya hapo nikafuata maneno ya yule binti. Kila asubuhi natandika mkeka pembeni ya kitanda, mke wangu ananihesabia. "Nane. Hiyo umeiba, rudia." Wiki zikapita. Nikawa namwinua bila kubana pumzi. Mpunga wa Usevya ulipoanza kuingia mashineni, nilikuwa nambeba mpaka bafuni na kumrudisha huku napiga mluzi. Nikajimwambafai, nikawa nawafundisha majirani kuvuta kitovu. Mimi huyu, ambaye bega langu lilikuwa likijua gunia lililopungua kilo mbili kabla halijafika kwenye mzani.

Asubuhi moja nikaenda mashineni kutafuta pumba za kuku. Wenzangu wa zamani wakanitania, "Mzee wa mazoezi, tuonyeshe basi." Kulikuwa na kiroba cha kilo hamsini sakafuni. Nikajiambia mke wangu ni mwanamke mnene, kila siku nanyanyua zaidi ya hicho. Nikavuta kitovu, nikatoa pumzi kama nilivyofundishwa. Kiroba kikafika magotini, kikakataa. Maumivu yakawa yale yale ya siku ya kwanza, hayajapungua hata chembe. Wale wakacheka, wakidhani nafanya kusudi. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikijiuliza, sasa ninachokinyanyua kila asubuhi nyumbani ni nini?

Nilirudi polepole, nimeshika kiuno. Nikaondoa kanga iliyomfunika, nikamtazama miguu na mbavu, nikitazama kweli. Nikamuuliza, "Mama, ugali ninaokuachia unakwenda wapi?"

Hakuwa mtu wa kudanganya. "Dirishani hapa, kwa mkono huu mzima. Kuku wako wamenenepa, hujaona?"

"Tangu lini?"

"Tangu zile siku mbili. Mgongo wako haukuwa unapona, baba. Mimi ndiye ninayehesabu, nilikuwa nakuona. Nikasema basi, nipungue mimi."

Nilikasirika. Nikamwita mjinga, nikamwambia anataka kunifanya muuaji ndani ya nyumba yangu. Kisha nikakaa chini nikalia, na sikujificha. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, taratibu, kama mtu aliyelipanga neno hilo siku nyingi, "Ukinilisha nitakuwa mzito. Nikiwa mzito utaita watu. Chagua."

Nilitoka nje. Ng'ambo ya uzio wetu anaishi mjane mmoja na dada yake, watu wazuri, wanawake wenye mikono ya kulima. Nikawaambia njooni mnisaidie kumbeba, leo na kesho na siku zote. Niliyasema kwa sauti ya kawaida na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo alisikia. Walipopitisha mikono chini yake alifumba macho, akaachia mwili wote. Walimwogesha vizuri, wakambadilishia shuka, wakaondoka bila kusema neno baya.

Mimi nikasonga ugali, nikaleta na dagaa, nikamlisha kwa mkono wangu. Alikula wote. Tumeishi pamoja tangu ujana wetu, amenipikia na nimempikia, na chakula kati yetu hakijawahi kuwa kitu cha kushukuriwa. Alipomeza tonge la mwisho, akageuza uso ukutani, akaniambia asante, kama mgeni.