Koili ilipochemka, fundi akaumbuka

Saa nne asubuhi, gari dogo kuukuu linanguruma boneti likiwa wazi. Fundi umeme wa magari, ambaye gereji nzima inamwita Cheche, ameketi juu ya tairi bovu, mikono mitupu.

"Unalitengeneza au unalitazama kama runinga?" mpaka rangi wa jirani anamtania.

"Nangoja lichemke," anajibu. Hacheki.

Zamani hakuwa na subira hiyo. Alimaliza magari matano kwa siku; siku hizi matatu, na mfuko unalijua hilo. Lakini hataki tena kupima koili, kile kidude kinachozipa plagi moto wake, ingali baridi. Aliyemfikisha hapo ni mwalimu mstaafu, mama aliyemfundisha kusoma.

Mwaka jana Mwalimu alimletea gari hili mara tatu, kwa maneno yaleyale: nikienda nusu saa linazimika, likipoa linawaka. Kila mara, gari likiwa limeshapoa, Cheche alichomoa waya wa koili, akausogeza kwenye chuma, akaona cheche ya buluu inaruka. Nzima kabisa!

"Mara ya tatu nikajitia mjuaji," anasimulia, macho chini. "Nikasema kwa sauti, watu wasikie: 'Mwalimu, gari halina ugonjwa. Kilichozeeka ni mguu wako unaokanyaga mafuta.' Gereji nzima ikavunjika mbavu. Hata yeye alicheka. Akanishukuru, akaondoka."

Hakurudi. Wiki iliyopita gari lililetwa na mkwe wake, likivutwa kwa kamba, maana lilizimika mtaa wa pili tu. Cheche akaigusa koili, akarusha mkono: moto kama pasi. Akapima palepale. Hakuna cheche. Akangoja nusu saa, ikapoa, akapima tena. Buluu, kama kawaida.

"Mwalimu mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Mama aliacha kuendesha tangu mwaka jana," mkwe akajibu. "Alitukabidhi funguo. Alisema fundi kamwambia kazeeka, asije akagonga mtoto wa watu."

Jamani! Cheche anasema alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nikampigia simu. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya koili mwanzo mpaka mwisho. Halafu akauliza, 'Kwa hiyo si mguu wangu?' Nililia, mtu mzima, watu wananitazama."

Koili mpya imeshafungwa, na leo ni mara ya nne anaichemsha injini ili ajiridhishe. Kesho asubuhi mkwe atamleta Mwalimu hapa. Cheche amewaomba wote waliocheka siku ile wawepo, mpaka rangi akiwa wa kwanza.

"Nilimwaibisha mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu. Kisha nitampa funguo zake, nikae kando yake, aendeshe saa nzima."

Na akikataa kushika usukani?

Cheche anaweka kiganja juu ya koili, anakiacha hapo; haiunguzi.

"Nitaenda kwake keshokutwa na funguo," anasema. "Na siku itakayofuata."